Kipande Kilichokatwa Kichwani

Shemeji alikuwa mtu wa maneno mengi, na maabara ile ya metali ilikuwa haijazoea maneno. Ilijaa watu wazito, waliosoma mpaka macho yakaingia ndani, wanaopita koridoni na vipande vya chuma mkononi utadhani wanakwenda kuzika. Akaja yeye na mizaha yake. Wiki ya kwanza tu akalipa jina tanuri lililokaa pembeni mwa chumba cha majaribio. Akaliita Bibi, kwa sababu, alisema, ni la zamani, lina hasira za karibu, na ukilipa kisogo linanuna na kupoa. Jina likashika. Ikafika mahali Mkurugenzi mwenyewe akawa anauliza kwenye kikao, bila kucheka, "Bibi kaamkaje leo?"

Aliyemleta pale ni Daktari. Huyu alikuwa daktari wa metali, si wa watu, ingawa majirani walimpelekea watoto wenye homa mpaka wakachoka kurudishwa. Shemeji alikuwa mume wa mdogo wake. Wazazi walishatangulia, na katika dunia nzima Daktari alikuwa na ndugu huyo mmoja wa tumbo moja. Nafasi ya fundi wa tanuri ilipotangazwa, alimwambia shemeji yake aombe. Akaomba, akaitwa kwenye usaili, akawashinda wenzake. Kila kitu kilikwenda kihalali. Lakini nenda ukawaambie watu! Walisema kaingizwa kwa mlango wa nyuma, na siku moja Daktari alipoingia chumba cha chai mazungumzo yakakatika ghafla, kila mtu akajifanya anatafuta sukari.

Tangu siku hiyo akaapa kwamba hatampendelea. Na kwa vile hakujua kutopendelea kunaishia wapi, akapitiliza. Mwingine akichelewa alimtazama tu; Shemeji akichelewa alipata onyo la maandishi. Wengine wakikosea aliwaelekeza, yeye alimfokea mbele za watu. Shemeji alichukulia yote kwa kicheko. "Heri ningekuwa adui yako," alimwambia, "pengine ningepata hata likizo." Jumapili, Daktari akienda kushinda kwao, walikuwa watu wengine kabisa. Walitaniana mpaka mdogo wake akashika mbavu, na mtoto wao wa kike alikuwa halali mpaka Daktari, Mama Mkubwa wake, ambebe.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Metali nyingi tunazozijua zina bwana mmoja. Chuma ni chuma, na vinavyotiwa ndani yake ni kama viungo kwenye chungu. Pale maabara walikuwa wanayeyusha metali tano kwa sehemu zinazokaribiana: chuma, nikeli, kobalti, kromi, na alumini kidogo pungufu. Hakuna bwana, hakuna mtumwa. Vitabuni aloi za namna hiyo zina jina refu la kuogofya, lenye habari za mchafuko ndani yake. Kwa ulimi wa Shemeji iliitwa Serikali ya Mseto. Na ajabu ya serikali hiyo ni kwamba haikuvunjika. Ungetarajia kila metali ivutie upande wake. Badala yake zilichanganyika vizuri zikapangana, na ukizitazama kwa hadubini uliona chembe safi zimebanana kama vigae sakafuni.

Swali lilikuwa moto. Metali ikivutwa ndani ya moto mkali haikatiki mara moja. Hurefuka polepole, kama sweta lililoanikwa likiwa limelowa, mpaka siku moja inaachia. Wanaotengeneza mitambo inayozunguka katikati ya moto wanatafuta metali itakayovumilia mvuto huo, na Daktari alikuwa ametumia miaka yake mizuri kuitafuta. Kila kipande cha majaribio kilichongwa kwa umbo moja: vichwa viwili vinene vyenye nyuzi za skrubu, na kiuno chembamba katikati. Vichwa vilishikwa na vishikio, uzito ukaning'inizwa chini, na Bibi akakumbatia kiuno. Kiuno tu. Tanuri lilikuwa fupi, la kizamani, na vishikio vilipozwa na maji ili visiyeyuke. Kwa hiyo kiuno kiliungua na vichwa vikabaki na ubaridi wao. Kila mtu pale alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Na walijua pia nini cha kutafuta baadaye. Mseto ukikaa kwenye moto kwa muda mrefu, alumini na nikeli huanza kutafutana. Hujitenga na wenzao, hukusanyika matone madogo madogo kwenye mipaka ya chembe, na matone hayo ndiyo yanayoishika metali isirefuke. Ukiyaona, umeuona moto. Usipoyaona, kipande hakijapikwa.

Kipande cha mwisho kilivumilia kuliko vyote. Wiki zilipita kikiwa kimening'inia, na Shemeji akikilinda kama mgonjwa. Mtambo wa kuchora joto ulikuwa umeharibika na kipuri chake kilikuwa hakijafika, kwa hiyo ilibidi yeye mwenyewe asome kipimo na kuandika. Hata chakula alikula pale pale, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akimsimulia Bibi habari za mjini. Kilipokatika hatimaye alikimbia mpaka ofisini kwa Daktari, jasho linamtiririka. "Shemeji! Serikali imeanguka! Lakini imetawala, acha mchezo!" Daktari alisahau kiapo chake chote, akampigia makofi.

Fundi wa msumeno alikuwa likizo, naye Daktari hakuwa na subira. Akachukua nusu moja ya kipande akaenda kukata mwenyewe. Katika kazi ile kuna adabu moja ambayo kila mwanafunzi huchapwa nayo tangu siku ya kwanza: pale palipokatikia hapaguswi. Uso ule umebeba habari zote za kifo cha metali, na ukiukwaruza umeziharibu. Daktari akaufunga kwa pamba. Akaibana nusu ile kwenye jiliwa, akasogeza msumeno mbali na pamba. Akausogeza tena kidogo, kwa usalama. Akakata.

Kile kisahani alichokikata akakizamisha haraka, bila kukitazama pembeni, kwenye plastiki nyeusi kama ilivyo desturi, akakisugua mpaka kikang'aa kama kioo, akakipaka tindikali kidogo, akainamia hadubini. Akaona chembe safi. Akahama kulia, akahama kushoto. Safi, tupu, vigae vitupu, hata tone moja la dawa hakuna.

Mtu mwingine yeyote angejiuliza kwanza: nimekata wapi? Na lau kipande kile kingetoka mikononi mwa fundi mwingine, Daktari naye angejiuliza hivyo. Lakini kilitoka mikononi mwa Shemeji, na kitu cha kwanza kilichomjia kichwani ni chumba cha chai. Wataniambia nini? Kwamba nilijua nikamficha? Hasira ikampanda, na akaipokea kama rafiki, maana ilimwonyesha la kufanya.

Kesho yake kwenye kikao alisimama mbele ya Mkurugenzi na wenzao wote. "Kipande hiki hakijakaa kwenye moto," alisema. "Kiliachwa kining'inie baridi wiki zote hizo, halafu kikapashwa mwishoni ili kikatike. Vipimo vilivyoandikwa ni vya kubuni."

Shemeji alidhani ni utani. Alitabasamu, akatazama huku na huku kuona nani mwingine anacheka. Kisha tabasamu likamshuka taratibu. "Shemeji," alisema, "moto ulikuwepo. Mimi nilikuwepo."

"Hapa kazini mimi si shemeji yako."

Shemeji alisema kwa sauti ya chini, "Angalia tena. Sikuombi kingine. Angalia tena tu." Daktari akakusanya karatasi zake. Hakuangalia tena. Koti la kazini lilikutwa limekunjwa vizuri juu ya ile ndoo, na mwenyewe ameondoka.

Wiki iliyofuata alikuja nyumbani kwa Daktari, jioni, yeye na mkewe. Mdogo wake Daktari alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, macho yamevimba. Shemeji hakukaa. Alisimama katikati ya zulia, mikono nyuma, akasema kama mtoto anayesoma ubao, "Nilidanganya. Bibi alizimika, nikaona uvivu kumwasha, nikaandika uongo. Naomba radhi."

Daktari akamsamehe. Hili ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko mengine yote. Alimsamehe, na akajisikia vizuri. Alimwambia binadamu hukosea, akamwambia atazungumza na Mkurugenzi aruhusiwe kuacha kazi mwenyewe asifukuzwe. Akawamiminia chai. Shemeji hakuigusa. Walipoondoka, Daktari alikaa akajipongeza kwamba amesimamia haki, na juu ya haki ameongeza huruma. Kwenye chumba cha chai watu wakaanza kumpisha kwa heshima. Maskini, hakujua anapongezwa kwa lipi.

Shemeji na familia yake wakahamia mtaa mwingine, ng'ambo ya reli. Jumapili zikaisha. Mdogo wake alipokea simu kwa ufupi, siku zote jiko lina kitu, siku zote mtoto analia.

Msimu ulibadilika. Ripoti ya mradi ilikuwa inaandikwa, na Daktari alihitaji picha ya kuonyesha jinsi metali isiyopikwa inavyokuwa. Akaona heri achukue ile nusu ya pili, ambayo ilikuwa bado kwenye droo, aikate nayo apate picha nzuri zaidi. Safari hii ule uso wa palipokatikia ulikuwa umeshapigwa picha, hapakuwa tena na haja ya kuuogopa. Akakata karibu nao. Akasugua, akapaka tindikali, akainama.

Matone yalikuwa kila mahali. Yalijipanga kwenye mipaka ya chembe, manene, yaliyokomaa, matone ambayo hayatokei kwa kupasha siku moja wala mbili. Ulikuwa moto mkali uliowaka muda mrefu bila kukatizwa. Hakuwahi kuona kipande kilichopikwa vizuri namna ile.

Alikaa akiyatazama mpaka shingo ikamuuma. Halafu akaenda kabatini akatoa kile cha kwanza, kile cha kikaoni, kikiwa ndani ya plastiki yake nyeusi. Akakibana kwenye jiliwa mpaka plastiki ikapasuka. Kipande kikadondoka mezani, naye akakiokota kwa vidole viwili. Kilikuwa kipana kuliko kiuno. Pembeni, kuzunguka duara lote, kilikuwa na meno. Zilikuwa nyuzi za skrubu.

Alikuwa amekata kichwa. Katika kuukimbia ule uso, akasogea, akasogea tena kwa usalama, akakipita kiuno chote akaingia kwenye kichwa, kilichokuwa kimekaa kwenye kishikio kilichopozwa na maji wiki zote zile. Akakaa kwenye kitu cha kwanza alichokiona, kumbe ni ile ndoo.

Alikwenda kwa Mkurugenzi siku ile ile. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, akavigeuzageuza vipande, akavirudisha mezani. "Lakini si alikiri mwenyewe?" aliuliza.

"Alikiri. Sijui kwa nini."

"Mtu anakiri asichokifanya?" Mkurugenzi alimtazama kwa upole wa kumuudhi. "Daktari, naelewa. Ni ndugu yako. Si vibaya kumtafutia njia." Na Daktari alipoitisha kikao akasimama pale pale aliposimama mwanzo, akaeleza kosa lake kituo kwa kituo, aliona watu wakikanyagana miguu chini ya meza. Walioamini hawakuzidi wawili. Wengine walishajua tangu zamani kwamba itafika siku atambeba shemeji yake. Kile alichokiogopa kikampata kizima kizima, na sasa hata hakikumshtua. Ripoti aliisahihisha kwa jina lake mwenyewe. Lakini jina la Shemeji lilikuwa limekwisha kuzama, na kamba ya kulivutia juu ilikuwa imefungwa chini na ungamo lake mwenyewe.

Jumamosi akavuka reli. Nyumba ilikuwa ndogo, imepigwa rangi nusu, na nyuma yake pana banda la bati lililotoa harufu ya chuma kilichoungua. Geti la nyumba ya mtu lilikuwa limeegemezwa ukutani, halijamalizika. Mtoto ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa amerefuka, meno ya mbele yamemtoka. Alimkumbatia kiunoni, kisha akamvuta chini amnong'oneze.

"Mama Mkubwa, usimgombeze Baba tena. Alishatubu."

Daktari alimpapasa kichwani, akaingia. Mdogo wake alikuwa sebuleni anakunja nguo zilizotoka kamba. Alisimama, wakashikana mikono, mikono tu. "Karibu, Dada. Kaa." Akamtuma mtoto akamwite baba yake.

Shemeji aliingia na miwani ya kuchomelea imekaa kwenye paji la uso. Alikuwa amekonda kidogo. Alijifuta mikono kwenye suruali, akatoa mkono.

"Karibu, Daktari."

Tangu siku ya posa hakuwahi kumwita hivyo, si nyumbani. Daktari alikuwa amejipangia maneno njiani kote, yote yakapotea. Alifungua mkoba akatoa vile vipande viwili, akaviweka mezani juu ya kitambaa. Akaeleza. Hiki nilikata hapa, hiki nilikata hapa. Hiki ndicho kilichokuwa kwenye moto. Kosa lilikuwa langu, tangu mwanzo mpaka mwisho lilikuwa langu, na nimeshawaambia wote. "Nimekuja kukupigia magoti," alisema, na kweli akaanza kuteremka kutoka kwenye kiti.

"Usifanye hivyo," Shemeji alisema haraka. "Mtoto anaona."

Alichukua kile chenye meno ya skrubu, akakipitisha kidole gumba pembeni, akakirudisha. Cha pili hakukigusa. "Mimi sikuhitaji kuonyeshwa," alisema. "Nilikuwepo."

"Basi kwa nini ulikiri?"

Shemeji hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama. Alimtazama mkewe mara moja tu, kisha akatazama sakafu. "Kuna mteja anakuja kuchukua geti," alisema. "Nisamehe, Daktari. Nikichelewa atalalamika." Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mdogo wake alikuwa amesimama na shati la mume wake mikononi, nusu limekunjwa.

"Mimi ndiye niliyemwambia akiri," alisema.

"Wewe?"

"Aliapa, Dada. Aliapa kwa kila kitu, aliapa kwa mtoto. Nikamwambia Dada yangu hawezi kukosea mambo ya chuma. Nikamwambia nimeolewa na mwongo, na uongo wenyewe kamfanyia mtu aliyempa kazi. Nikamwambia asipokuja kwako kukuomba radhi nafungasha, namchukua na mtoto." Aliliweka shati juu ya nguo nyingine, akalinyoosha kola. "Akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema haya, twende."

"Ni kosa langu," Daktari alisema. "Nisingekata vile..."

"Wewe ulikata mahali pabaya. Basi. Ungekata tena ungeona." Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, naye wala hakuyafuta. "Mimi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Mimi nilikuwa namjua. Akirudi ananuka moshi wa lile tanuri mpaka nafua shuka kila siku, halafu nikaamini kwamba hapakuwa na moto."

Daktari alinyoosha mkono amshike. Mdogo wake alishageuka. Aliingia jikoni akatoka na maji kwenye bilauri, akaenda nayo mpaka mlango wa nyuma. Huko bandani nyundo ilikuwa inagonga. Zamani mtu huyo alikuwa hawezi kugonga hata msumari bila kuimba au kutukana kwa mzaha. Sasa iligonga nyundo peke yake.

Mtoto alikuwa amekaa chini ya meza na vile vipande viwili, amekipandisha kimoja juu ya mwenzake.

"Mama Mkubwa," aliuliza, "kwani Baba hakudanganya?"

"Hapana, mwanangu. Baba alisema kweli. Mimi ndiye niliyekosea."

Mtoto akafikiri. "Sasa mbona aliomba msamaha yeye?"

Daktari alimtazama mdogo wake, na mdogo wake hakugeuka. Alikuwa bado amesimama mlangoni na maji mkononi, mguu mmoja nje na mmoja ndani, akisubiri nyundo inyamaze.